Kujifunza Kifaransa ukubwani: ugumu uko wapi hasa, na ni ugumu wa nani?

Mtu mzima akitangaza kwamba ameanza Kifaransa, hupokewa na sauti mbili. Ya kwanza ni ya matangazo ya programu za simu: dakika kumi kwa siku, miezi mitatu, utazungumza kama mzaliwa wa Paris. Ya pili ni ya watu wanaomwonea huruma: lugha hushika utotoni, ukishavuka umri huo unajichosha bure. Sauti hizi zinapingana, lakini kosa lao ni moja. Zote huchukulia kwamba "kujua Kifaransa" ni kitu kimoja kizima, ambacho mtu anacho au hana.

Mkanganyiko umeongezeka tangu Ufaransa ikaze masharti yake. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, mgeni anayeomba uraia wa nchi hiyo hutakiwa kuonyesha kiwango cha B2, wakati awali B1 ilitosha. Kwa kadi ya ukaazi ya miaka kumi, A2 ya zamani imepanda kuwa B1. Watu wanazitaja herufi hizi kila siku, ila ukiuliza B2 ni nini hasa, majibu huwa mengi kama wajibuji.

Herufi hizo zinatokana na mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na hautumiki kwa Kifaransa peke yake. Una ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Haupimi umesoma vitabu vingapi bali unaweza kufanya nini. Mtu wa A1 hujitambulisha na kuelewa maswali mepesi akisemeshwa polepole. Wa A2 humudu shughuli za kawaida, kama kuuliza njia au kupanga miadi. Wa B1 anaweza kusafiri peke yake, akasimulia lililompata na kueleza anachokitaka na sababu yake. Wa B2 hufuata hoja ndefu na kubishana na mzawa wa lugha bila mmoja wao kutaabika. Ngazi za C ni za wanaosomea, kufundisha au kuandika kwa Kifaransa.

Jambo ambalo jedwali la ngazi halionyeshi ni kwamba hazilingani kimo. Makadirio yanayotumiwa sana na walimu huweka A1 kwenye saa 60 hadi 100 za masomo, na B2 kwenye saa 560 hadi 650. Piga hesabu mwenyewe: nusu saa kila siku bila kukosa ni saa 180 hivi kwa mwaka, kwa hiyo B2 iko miaka mitatu mbele. Taasisi ya serikali ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wake lugha hutenga takriban wiki 30 kwa Kifaransa, nao wanafunzi wake husoma kutwa nzima wakilipwa mshahara. Miezi mitatu ya dakika kumi ni saa 15. Saa 15 si bure, zinakupa salamu na sentensi za kuanzia, lakini anayeuza zaidi ya hapo anakudanganya.

Hata cheti chenyewe kina mengi ndani yake. Mtihani wa DELF B2, yaani wa cheti rasmi cha Ufaransa cha Kifaransa kwa wageni, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Ukipata 50 kati ya 100 umefaulu, mradi usipate chini ya 5 katika sehemu yoyote. Maana yake, mtu anaweza kubebwa na kusoma na kuandika, akashika cheti halali cha B2, kisha akaduwaa mbele ya watu wawili wanaopiga soga. Hakuiba cheti. Stadi hizo nne hukua kwa kasi tofauti, na kwa watu wazima tofauti huwa kubwa kwa sababu wengi wetu husoma kuliko tunavyosikiliza. Kulitambua neno na kulitamka kwa wakati wake ni kama kumtambua jirani njiani na kuichora sura yake kutoka kichwani: la kwanza huja lenyewe, la pili hutaka mazoezi ya peke yake.

Sasa suala la umri. Hoja kwamba kuna dirisha linalofungwa ilipata nguvu mwaka 1967, mtafiti wa lugha na ubongo Eric Lenneberg alipoandika kuwa ubongo hupoteza wepesi wa kupokea lugha kufikia balehe. Yeye alizungumzia zaidi lugha ya kwanza, ila mitaani hoja ikageuka hukumu kwa kila anayejifunza lugha yoyote. Mwaka 1978, watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walifuatilia wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi wakiwa Uholanzi. Miezi ya mwanzo, waliokwenda kasi zaidi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima. Watoto wadogo walikuwa nyuma.

Haya hayapingani ukitenganisha maswali mawili: nani huanza kwa kasi, na nani hufika mbali zaidi mwishowe. Mkubwa huanza kwa kasi kwa sababu anajua kusoma, anajua kutumia kamusi, na akielezwa kanuni leo anaitumia leo. Mtoto hufika mbali zaidi, hasa kwenye lafudhi na kwenye mambo madogo ya sarufi ambayo hakuna anayeweza kuyaeleza vizuri. Utafiti wa mwaka 2018 uliotumia majibu ya watu zaidi ya 600,000 mtandaoni ulionyesha kuwa uwezo wa kunyakua sarufi hubaki imara hadi karibu miaka 17, kisha hupungua. Hupungua, hauzimiki. Tena mtoto ana mtaji ambao hatuutaji tunapomsifu: siku nzima za kusikia lugha, watu wanaomvumilia akikosea bila kumcheka, na hana kazi nyingine. Mpe mtu mzima mtaji huo ndipo tulinganishe.

Na lafudhi? Itabaki kidogo, kwa wengi, ila haikuzuii kufika mbali. Mwandishi François Cheng aliwasili Ufaransa kutoka China mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa karibu na umri wa miaka 20 na bila Kifaransa. Mwaka 2002 alichaguliwa kuingia Académie française, chombo kilichoundwa mwaka 1635 kuilinda lugha hiyohiyo. Agota Kristof alikimbia Hungaria mwaka 1956 akiwa na miaka 21, akafanya kazi kiwandani Uswisi, na baadaye akawa mwandishi maarufu wa riwaya kwa Kifaransa. Si watu wa kawaida, ni kweli. Ila wanatosha kuiondoa ile kauli ya "haiwezekani".

Lililonisukuma kuandika ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya ushauri tunaousoma kuhusu ugumu wa Kifaransa umeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza. Mswahili anausoma, anarithi hofu zao, anaingia darasani akitetemeka mbele ya vitu ambavyo yeye hufanya tangu akiwa mtoto.

Chukua subjonctif, jina ambalo huwatia wanafunzi baridi. Ni umbo la kitenzi linalotumika kwa jambo linalotakiwa, linalolazimu au linaloogopwa, si kwa jambo lililothibitishwa. Kwetu umbo hilo ni ile -e ya mwisho. Hatusemi "nataka anaenda", tunasema "nataka aende", na Mfaransa husema "je veux qu'il aille". "Lazima ujue" ni "il faut que tu saches". "Ili waelewe" ni "pour qu'ils comprennent". Hata hofu inafuata: "naogopa asije akaanguka" na "j'ai peur qu'il tombe". Na pale ambapo Kifaransa kinakataa subjonctif, mara nyingi nasi tunaikataa -e: "natumaini atakuja", "j'espère qu'il viendra". Haviendani kila mahali, maana baada ya "ingawa" sisi hutumia umbo la kawaida na wao husema "bien qu'il soit". Kazi ya kukariri maumbo ipo palepale, "aille" na "saches" hayatajileta. Lakini swali gumu kuliko yote, yaani litumike lini, masikio yako yanalijibu vizuri kuliko unavyodhani.

Au chukua viwakilishi vya mtendwa. Wasemaji wa Kiingereza hutaabika kuviweka kabla ya kitenzi. Sisi tunasema "nakupenda", -ku- ikiwa imetangulia kitenzi, na Mfaransa anasema "je t'aime". "Anatujua", "il nous connaît". Tofauti ni mbili tatu. Wao huweza kupanga viwili mfululizo, "je te le donne", wakati kitenzi chetu hubeba kimoja tu. Nasi husema "namwona Juma", mtendwa akitajwa mara mbili, mazoea ambayo katika Kifaransa cha kuandika huhesabiwa kosa: ni "je vois Juma", basi.

Jinsia ya nomino, yaani kila nomino kuwa ya kiume au ya kike, nayo hutajwa kama ukuta. Aliyekulia kwenye "kitabu changu kizuri" na "vitabu vyangu vizuri" haoni ajabu maneno kupatana. Kwake makundi mawili ni machache. Hata "son" na "sa" hufuata mantiki yetu, kwani hulingana na kinachomilikiwa kama -ake inavyofanya. "Sa mère" ni mama yake, awe wa mwanamume au wa mwanamke. Taabu halisi ni kwamba nomino ya Kifaransa mara nyingi haijitangazi. Kuna dalili za mwisho wa neno: yanayoishia na -tion huwa ya kike, yanayoishia na -age na -ment kwa kawaida ya kiume, ingawa "page", "image" na "plage" ni ya kike na yatakuudhi. Usilikariri neno peke yake. Likariri na "un" ya kiume au "une" ya kike, si na "le" na "la", kwa kuwa mbele ya irabu hivyo viwili hugeuka "l'" na jinsia ikafichika.

Mtego wetu sisi uko kwingine, na vitabu haviutaji: "il" na "elle". Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye "yeye" wala kwenye a- ya "anakuja". Nimewasikia watu wenye Kifaransa kizuri kabisa wakisema "il" juu ya dada zao. Hawakosi ujuzi, akili yao haijazoea kuuliza swali hilo kabla ya kufungua mdomo. Hili halitibiwi na kanuni. Linatibiwa na kusimulia kwa sauti, tena na tena, habari zenye wanaume na wanawake ndani yake.

Tukija kwenye matamshi, hapa ndipo ninapokubali kwamba kazi ipo. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina herufi yake. Kifaransa kina zaidi ya mara mbili ya hizo, zikiwemo zinazopitia puani. Irabu ya "u" hutamkwa ulimi ukiwa mahali pa i yetu huku midomo ikiviringwa kama ya u yetu. Ukiikosea utageuza maana: "dessus" ni juu, "dessous" ni chini. Zile za puani tunazikosea kwa kuzifunga na n kamili. Katika "vin", "vent" na "vont", yaani mvinyo, upepo na wanakwenda, ulimi haugusi popote mwishoni. Sauti hubaki puani. Pia tuna tabia ya kuongeza irabu baada ya konsonanti ya mwisho, "avec" ikawa "aveki", na ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wakati Wafaransa huupeleka mwisho wa kundi zima la maneno.

R yao, inayotishia watu bila sababu, iko karibu na gh yetu. Anayetamka "ghafla" na "ghali" sawasawa ameshafika karibu. Na asiyeiweza atumie r ya ulimi. Wapo wasemaji wengi wa Kifaransa duniani wanaoitumia, na wanaeleweka.

Kinachomvunja moyo mtu aliyezoea lugha inayoandikwa kama inavyosemwa ni maandishi. "Parle", "parles" na "parlent" zote zina sauti ileile. "Eaux" ni herufi nne kwa sauti moja, o. Kisha herufi iliyokuwa kimya hufufuka neno linalofuata likianza na irabu: "les amis" husikika "lezami". Na kuna maneno yanayoanza na h ambayo huzuia ufufuo huo, kama "les héros", mashujaa. Ukiunganisha utakuwa umesema "les zéros", na mashujaa wako wamekuwa sifuri.

Jaribu kuisahau kalamu usikilize. "Le livre" na "les livres": kwenye karatasi s imeongezwa kwa nomino, lakini sikio halisikii mabadiliko yoyote mwishoni. Kilichobadilika ni mwanzo, "le" na "les". Wingi unasikika mbele ya neno, kama ki- na vi-. Ndiyo maana napendelea mtu aanze na sauti kabla ya maandishi, au angalau asisome ukurasa wowote wa mwanzo bila kuusikia.

Tena kuna Kifaransa cha kitabuni na cha vinywani. Kitabu hufundisha "je ne sais pas", sijui. Mazungumzoni "ne" huanguka, na kilichobaki husikika kama "shepa". "Il y a" hubaki "ya". "Nous", sisi, humwachia nafasi "on". Mwanafunzi aliyefaulu vizuri hukutana na haya akadhani hajui kitu, kumbe hakuwahi kufundishwa lugha inayosemwa. Namba ni kisa chao cha pekee: Ufaransa 70 ni sitini-na-kumi na 80 ni nne-mara-ishirini, hivyo 97 ni nne-mara-ishirini-na-kumi-na-saba. Ubelgiji, Uswisi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo husema "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90. Ni sahihi huko, na ni rahisi zaidi. Lakini namba za simu za Ufaransa utazisikia kwa mtindo wa kwanza.

Anayejua Kiingereza ana akiba ya maelfu ya maneno, kwa sababu Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 waliingia na Kifaransa chao. Akiba hiyo ina noti bandia, maneno yanayofanana na ya Kiingereza kwa sura lakini si kwa maana. "Librairie" ni duka la vitabu, maktaba ni "bibliothèque". "Assister à" mkutano ni kuhudhuria, si kusaidia. "Actuellement" ni kwa sasa. "Blesser" ni kujeruhi, si kubariki kama "bless", kwa hiyo usimwombee mtu hivyo.

Kuhusu kumbukumbu, lawama nyingi huenda kwa umri zinapopaswa kwenda kwa ratiba. Tangu mwaka 1885, mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alipochapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, tunajua kwamba kusahau huenda kasi mwanzoni kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyoachanishwa hushinda marudio ya mkupuo. Dakika ishirini kila siku zina tija kuliko saa mbili na ziada za Jumamosi. Mwenye miaka 19 naye husahau. Tofauti ni kwamba yeye hana mtu wa kumwambia amezeeka.

Faida zipo, na nyingine hazihitaji kutiwa chumvi. Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Kimataifa la Francophonie, la nchi zinazotumia Kifaransa, ilitaja wasemaji milioni 321 duniani, wengi wao wakiwa Afrika. Kifaransa na Kiingereza ndizo lugha mbili za kazi za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa. Kwa anayefanya tafsiri, misaada, usafirishaji au utafiti, hiyo ni milango halisi. Dai kwamba lugha ya pili hukukinga na maradhi ya kusahau ya uzeeni ningelishughulikia kwa tahadhari, maana watafiti bado wanalibishania.

Faida ya mtu mzima ambayo mtoto hana ni kwamba tayari ana mambo ya kusema na mambo ya kusoma. Hili hudhihirika zaidi kwenye B1, mahali wengi wanapokwama mwaka au zaidi. Pale kila somo linaanza kuonekana limesharudiwa, huku filamu na redio bado ni kelele. Wengi hununua kitabu kingine cha sarufi. Kinachohitajika hapo ni wingi wa lugha inayohusu maisha yako: muuguzi asome na kusikiliza habari za tiba, fundi habari za mitambo, mhasibu za hesabu. Mada unaijua, hivyo nusu ya maana unaikisia kwa haki, na maneno mapya hushika kwa sababu utayatumia kesho.

Na kama shabaha ni cheti, usikimbilie mtihani mapema. DELF haina tarehe ya kuisha, lakini matokeo ya TCF na TEF, mitihani mingine ya kupima Kifaransa, hudumu miaka miwili. Aliyeyapata leo kwa maombi atakayowasilisha baada ya miaka mitatu atalipa na kuufanya upya.